Vitabu Vinavyotudai: Maoni ya Msomaji wa Chini ya Uluguru



Nilipoombwa kuandaa mada hii niliambiwa nitaje vitabu ambavyo mtu hana budi kuvisoma, na nieleze kwa nini havisahauliki. Nilikaa na karatasi wiki nzima. Orodha ya kwanza ilikuwa na vitabu 34, na nilipoipitia upya niliona ni orodha ya vitabu ninavyoviheshimu. Vilivyonishika ni vichache mno. Kipo kitabu unakisoma, unakisifu, unakirudisha maktaba, mmeachana kwa amani. Kipo kingine unakirudisha na bado kinakudai. Miaka inapita, umo kwenye daladala ya Bigwa au unamenya ndizi jikoni, mara kinakujia na swali lilelile uliloshindwa kulijibu siku ile. Vitabu vya namna hiyo ndivyo nilivyokuja kuvipendekeza leo, na vyote nilivyovichagua vinagusa mahali hapa tulipokaa, kwa sababu kwa uzoefu wangu deni la kitabu hulisikii vizuri mpaka likutane na kitu unachokijua kwa miguu yako.

Nianze na Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951. Nilikuwa kidato cha pili nilipopanda nacho Matombo, milimani Uluguru, likizo ya Juni, kwa bibi mzaa mama. Bibi hakujua kusoma. Jioni, maharage yakitokota taratibu, alinitaka nisome kwa sauti ili usingizi usinichukue kabla ya chakula. Basi nikamsomea habari za nchi inayoelea angani, na kijana Karama aliyeshitakiwa kwa kosa la kutaka kuwafundisha watu uanasheria, na wajumbe sita waliotumwa pande zote za dunia, pamoja na mbinguni na ardhini, kisha wakarudi na maarifa mapya wakafungwa kwa ajili ya maarifa hayo. Mimi nilikuwa nafurahia lugha. Bibi alisikiliza usiku wa kwanza, wa pili, na wa tatu akanisimamisha.

"Huyo Karama," akauliza, "wajomba zake wako wapi?"

Nikamwambia kitabu hakisemi. Akashangaa. Mtu anasimama barazani, waziri mzima anamshitaki, roho yake iko hatarini, na hakuna hata mjomba mmoja aliyekuja kusimama nyuma yake? Kwa Waluguru, ninyi mnaotoka huku milimani mnajua, mtoto kimila ni wa lukolo, yaani ukoo wa mama yake. Ardhi hupita upande huo, na kwenye shauri kubwa mjomba ndiye anayetangulia. Kwa bibi yangu, nchi ya Kusadikika ilikuwa ya kutisha kuliko mwandishi mwenyewe alivyokusudia. Ilikuwa nchi ambamo mtu hana ukoo, ana serikali tu.

Sijawahi kusoma uchambuzi wowote wa Kusadikika uliouliza swali hilo. Nilifaulu mtihani kwa kuandika kwamba dhamira kuu ni uongozi mbaya na umuhimu wa sheria, na ni kweli. Lakini dhamira hizo nimezirudia kwa sababu nilizikariri, na swali la bibi nimelibeba kwa sababu liliniuma. Tangu hapo kila kitabu nikifunguacho nakisoma nalo.

Kitabu cha pili kitanichukua muda, naomba mnivumilie, kwa kuwa ndicho ninachokipenda na kukiogopa zaidi. Ni Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi. Kilichapishwa mwaka 1971, mwandishi akiwa bado kijana. Kilipigwa marufuku mashuleni kwanza, baadaye kikarudi kama kitabu cha kiada. Wengi humu tumekifundisha. Hadithi inaanza Namagondo, Ukerewe, nyumbani kwa Zakaria, mlevi, na mkewe Regina. Rosa ni binti yao mkubwa. Baba anamchunga kwa kipigo; barua moja tu kutoka kwa kijana Charles inatosha kumletea Rosa fedheha mbele ya watu. Msichana anatoka nyumbani bila kufundishwa chochote kuhusu wanaume isipokuwa hofu, na hofu hiyo ikimtoka hakuna kilichobaki cha kumshika. Anapita shule ya Rosari, kisha anakuja kusomea ualimu. Anakuja wapi? Anakuja Morogoro. Humu mjini, chini ya mlima huuhuu. Na mkuu wa chuo, mtu aliyekabidhiwa kumlea, ni mmoja wa wanaomtumia.

Nilikuwa nimekifundisha kitabu hiki kwa miaka kadhaa kabla ya siku ninayotaka kuisimulia. Lilikuwa darasa la wasichana na wavulana, kipindi cha baada ya chakula, joto la Februari. Tumefika kwenye sura hizo za Morogoro. Nimeshaandika ubaoni: dhamira, malezi mabaya, dhamira, matumizi mabaya ya madaraka, dhamira, ukombozi wa mwanamke. Wananakili. Msichana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye alikuwa hasemi, akanyoosha mkono. Akauliza, "Mwalimu, na sisi tukimaliza, tunapelekwa vyuo hivyohivyo?"

Darasa lilinyamaza, nami nikanyamaza nalo. Ningeweza kumwambia kwamba riwaya ni kazi ya kubuni, na kwamba Kezilahabi hakuandika juu ya chuo fulani cha leo. Yote kweli. Lakini yeye hakuwa anauliza habari za fasihi. Alikuwa anauliza kama sisi watu wazima tuliomwekea kitabu kile mkononi tumefanya lolote tangu kilipoandikwa. Nilifuta ubao. Tukafunga madaftari, tukazungumza mpaka kengele, na kesho yake tukaendelea. Nikawatupia swali la bibi: wajomba zake Rosa walikuwa wapi? Vipindi viwili viliisha kwa swali hilo. Wengine walisema Rosa angezaliwa Uluguru angepona, maana Zakaria asingekuwa na kauli ya mwisho juu ya mtoto wa ukoo wa mkewe. Mvulana mmoja wa Mgeta akapinga kwa nguvu: mjomba naye anaweza kuwa Zakaria, alisema, na binti anayenyanyaswa na mjomba anakimbilia wapi? Hakuna aliyemjibu vizuri, hata mimi.

Watu wanamhukumu Kezilahabi kwa mwisho wa kitabu, kwamba Rosa kujiua ni kukata tamaa. Mimi naona ni namna ya kutunyima faraja. Angemwoza Rosa kwa Charles na kuwajalia watoto, tungefunga kitabu na kulala. Charles anarudi kweli, kisha anamwacha alipogundua kwamba si bikira, yeye ambaye hakuna aliyemuuliza habari zake mwenyewe. Rosa anakufa, na hesabu inabaki kwetu.

Hapa naomba niseme jambo kuhusu vitini. Stendi ya Msamvu na mitaa ya katikati ya mji unaweza kununua uchambuzi wa kitabu chochote cha mtihani kwa bei ya soda mbili tatu. Wahusika, dhamira, migogoro, falsafa ya mwandishi, vyote vimepangwa. Sina ugomvi na kijana anayekinunua. Kitabu chenyewe mara nyingi ni kimoja kwa darasa zima, na mtihani hauulizi kama alilia. Ila tunaofundisha tukubali kwamba mwanafunzi anayejua dhamira zote za Rosa Mistika bila kukaa na Rosa kurasa mia na zaidi amepewa risiti ya chakula ambacho hakukila. Hawezi kudaiwa na kitabu ambacho hakuwahi kukikopa. Pendekezo langu ni dogo. Kila muhula, kitabu kimoja kisomwe kwa sauti darasani, mwanzo mpaka mwisho, zamu kwa zamu, bila kuandika chochote ubaoni mpaka ukurasa wa mwisho.

Cha tatu nitakipita haraka, na si kwa udogo wake. Nguzo Mama, tamthiliya ya Penina Muhando ya mwaka 1982. Mwandishi ni wa mkoa wetu, alizaliwa Berega. Wanawake wa Patata wanataka kuisimamisha nguzo yao na wanashindwa, kila mmoja akivutwa na shida zake na kwa kutoelewana wao kwa wao. Kisomeni sambamba na kurasa chache za Henry Morton Stanley, katika kitabu chake cha mwaka 1872 cha kumtafuta Livingstone. Mwaka 1871 alipita hapa akakuta mji wenye ukuta wa mawe na minara, alioujenga Kisabengo, na aliyekuwa akiutawala wakati ule ni mwanamke, binti wa Kisabengo, Simbamwene. Aliporudi mwaka uliofuata, Ngerengere ilikuwa imefurika na kuuharibu mji. Stanley anaandika kwa kiburi cha mzungu wa zama zake na lazima asomwe kwa tahadhari. Lakini wasichana wa mji huu wakisoma kwanza Patata kisha Simbamwene, wanauliza: hapa nguzo iliwahi kusimama, nani aliiangusha, ni mafuriko tu? Wakishauliza hivyo, kazi yangu imekwisha.

Vitabu vyangu viwili vya mwisho si hadithi za kubuni. Cha kwanza ni Historia ya Uluguru cha Padri Canute Mzuanda, cha mwaka 1958. Mtu wa milimani, akiandika kwa Kiswahili, kabla ya Uhuru, habari za Waluguru na koo zao. Sijui kitabu kingine kinachostahili zaidi kupigwa chapa upya katika mkoa huu. Wanafunzi wangu wanajua majina ya wafalme wa Ulaya, na hawajui lukolo lao lilishikaje mlima wanaolima.

Cha pili ni cha Kiingereza, Smoke in the Hills, cha Roland Young na Henry Fosbrooke, kilichotoka mwaka 1960. Kinaeleza jinsi serikali ya kikoloni ilivyowalazimisha watu wa Uluguru kuchimba matuta ili kuzuia mmomonyoko, na jinsi mwaka 1955 Matombo ilivyokataa, polisi wakaja, na mtu akauawa. Nilikikuta nikiwa mtu mzima, nikakisoma kwa kusimama kati ya rafu mbili. Nilikuwa nimewahi kuyaona matuta hayo. Yalikuwa shambani kwa bibi, ngazi zilizobomoka zilizoota magugu, na siku moja nilimuuliza ni za nini. Alisema, "Hizo tulichimba kwa amri. Udongo mbaya ukaja juu, mzuri ukaenda chini, tukavuna njaa." Halafu akaendelea kupalilia. Maneno yake machache yale wataalamu wameyaandikia sura nzima: mteremko mkali, udongo wa juu mwembamba, jasho bila mavuno, hasira iliyowapeleka watu TANU.

Bibi alikuwa amekwisha kufa nilipokipata. Aliishi maisha yake yote bila kujua kwamba kuna kitabu juu ya kilima chake, kimesomwa London na Marekani, na watu waliomo ndani yake hawakuweza kukisoma. Hilo ndilo deni linalonikosesha raha kuliko yote niliyoyataja.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, likizo ya Desemba napanda Matombo nikiwa na nakala ya kitabu hicho. Mpwa wangu aliyeko chuo kikuu atasoma kwa Kiingereza, mimi nitageuza kwa Kiswahili, na wazee waliobaki, wale waliokuwa vijana mwaka 1955, watatuambia ukurasa kwa ukurasa kama ndivyo ilivyokuwa. Nimeshawapelekea taarifa. Mzee mmoja amejibu kwamba atakuja, ila anataka kwanza kujua kama jina la mjomba wake limeandikwa.