Virusi Vikilala, Tusiache Dawa

(Mada iliyotolewa kwa kamati za sharika, Engutoto, Arusha)



Nimeombwa nijibu swali ambalo waumini wengi huuliza: "Kipimo kinasema virusi havionekani. Kwa nini niendelee kumeza dawa?" Ili tujibu vizuri, hatuna budi kujua VVU vinafanya nini ndani ya damu.

Kati ya chembechembe nyeupe za damu zipo zinazoitwa CD4. Kazi yao ni kupiga mbiu. Kijidudu cha kifua kikuu kinapoingia, CD4 inayokitambua huamka, hukua, hugawanyika mara nyingi na kuziita nyingine zije kupigana. Vita ikiisha nyingi hufa, na chache hubaki zimepumzika zikitunza kumbukumbu.

VVU huingia katika chembe hizo hizo na kujipachika ndani ya vinasaba vyake. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. CD4 inapoamka kupambana na ugonjwa, huviamsha na virusi. Huanza kuvitengeneza kwa wingi, kisha hufa. Ndiyo maana kifua kikuu na VVU huchocheana. Mtu mzima mwenye afya huwa na CD4 zipatazo 500 hadi 1,500 katika milimita moja ya ujazo ya damu. Zikishuka chini ya 200, magonjwa nyemelezi hupata mlango.

Dawa za ARV huzuia virusi visizaliane, na CD4 huongezeka tena. Lakini dawa hizo haziviondoi virusi vilivyolala ndani ya CD4 zilizopumzika. Mtu akiacha dawa, chembe hizo zikaamka, virusi hurudi, mara nyingi ndani ya wiki chache.

Mkoani kwetu somo hili tulilipata kwa uchungu. Mwaka 2011 maelfu ya watu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Baadhi ya wenye VVU waliacha ARV. Kwa kuwa virusi havirudi siku hiyo hiyo, mtu alijiona mzima akaamini amepona. Hatuwalaumu, aliyechoka kumeza dawa kila siku hutafuta nafuu popote.

Tumetoka mbali. Serikali ilipoanza kutoa ARV bure mwaka 2004, mgonjwa alisubiri hadi CD4 zishuke. Tangu mwaka 2016, anayegundulika huanzishiwa dawa bila kusubiri. Na anayezimeza vizuri hadi virusi visionekane, akaendelea hivyo, hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, anayekatisha kliniki afuatwe nyumbani kwa upendo, na siri yake itunzwe. Pili, mwenye VVU akianza kukohoa asisubiri; apelekwe kupimwa kifua kikuu. Tatu, tuombeane kwa bidii, lakini kiongozi yeyote asimwambie mtu aache dawa kwa sababu ameombewa.

Wahisani wetu, dawa ni bure, lakini nauli ya kuifuata si bure. Mama wa kijijini miteremkoni mwa Meru akikosa nauli mwezi huu, virusi vilivyolala havitamsubiri mwezi ujao.