Joto la Nyumba Linakwenda Wapi?



Tumepewa dakika chache tuzungumze juu ya nyumba zetu. Katika miaka hii kumi mikopo mingi ya chama imekwenda kwenye bati, na leo mapaa yetu yanang'aa. Ni jambo la kujivunia. Lakini ikifika mwezi wa sita na wa saba, usiku unashuka mpaka kama nyuzi 15, na watoto wanakohoa mpaka asubuhi. Joto la mchana limekwenda wapi?

Limetokea juu. Mji wetu uko kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na kiangazi mbingu haina mawingu ya kufunika. Bati ni jembamba, halina akiba. Jua likizama linapoa upesi. Hewa ya moto ya chumbani hupanda, hugusa bati, nayo ikapoa. Hata pumzi zetu hugeuka maji pale juu. Ndiyo yale matone yanayotuangukia alfajiri.

Wazee walilijua hili. Nendeni Kwihara mkalitazame tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Tembe za zamani zilikuwa na kuta nene za udongo, na paa la udongo juu ya miti. Udongo mwingi hupokea joto taratibu mchana kutwa, ukaliachia taratibu usiku. Ni kama chama chetu: unaweka wakati wa kupata, unatoa wakati wa shida.

Hatusemi turudi kwenye paa la udongo. Ni zito, mchwa wanakula miti yake, na masika linavuja. Tunasema bati lisaidiwe.

Kwanza, dari. Blanketi halina moto ndani yake. Linashika tu hewa isikimbie na joto lako. Dari hufanya kazi hiyo hiyo, iwe ya mbao, ya silingi bodi, au ya mikeka iliyowambwa vizuri mbali na taa na moto. Tena mwezi wa kumi, bati likiwaka jua, dari hiyo hiyo inazuia joto lisitushukie.

Pili, nyufa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ziba palipoachana ukuta na bati, na chini ya mlango weka mfuko wa kitambaa uliojazwa mchanga. Lakini matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha yaacheni, kwa sababu watu wanapumua.

Tatu, na hapa akina mama tunaomba masikio yote: jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala. Hata kama mkaa umeshika vizuri na hautoi moshi. Hata kwa ajili ya mzazi na kichanga chake. Mkaa ukiungua hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Inaingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Mtu anaumwa kichwa, analegea. Aliyelala huenda asiamke. Mzazi avikwe vizuri, na maji yake yachemshwe nje. Ukimkuta mtu amelegea chumbani penye jiko, fungua mlango, mtoe nje, mkimbize hospitali.

Kwa hiyo tunaleta ombi mbele ya Kamati: dari iingie kwenye orodha ya mambo ya kukopea, kama bati lilivyoingia. Asiyeweza nyumba nzima aanze na chumba kimoja, kile wanacholala watoto na wazee. Gunia la mkaa linakwisha likawa majivu. Dari inabaki, mwaka huu na mwaka kesho.