Nguo Nyeusi na Nguo za Rangi

Wasikilizaji, jioni hii nataka kuwaeleza khabari za watu waliogombana miaka 17 kwa ajili ya jambo ambalo mtu wa mbali angeweza kulicheka: vijana wakishindana kwa baisikeli barabarani, je, waondoke pamoja, au waondoke mmoja mmoja? Watu hao walikuwa Waingereza, wala hawakushindania fedha; wengi walikuwa wafanya kazi wa siku zote ambao Jumapili walitoka na baisikeli zao. Msidhani kwamba pasipo fedha hapana ugomvi. Mara nyingine ndipo huwa mkali zaidi, maana kinachogombaniwa ni jina.

Mwaka 1890 chama chao kikubwa, ambacho nitakiita Umoja, kilikataza mashindano katika barabara kuu. Wakubwa wake waliogopa kwamba polisi, wakichukizwa na vijana waendao mbio na kuwatisha farasi, wangeomba baisikeli zote zikatazwe. Basi mwaka 1895, kwa shauri la bwana mmoja, F. T. Bidlake, ikaanzishwa njia nyingine: kila mtu aondoke peke yake, ashindane na saa. Wapandaji walivaa nguo nyeusi tangu shingoni hata miguuni, wakaanza alfajiri kabla watu hawajaamka, na njia ya mashindano ikapewa jina la siri la herufi na tarakimu. Huo ulikuwa woga mtupu, nasi twaweza kusema hivyo bila kuwavunjia heshima. Lakini woga ukikaa miaka arobaini hugeuka desturi, na desturi hugeuka fahari. Watoto wa wale walioogopa wakajivunia nguo nyeusi, na kila mmoja akasema, upepo naupasua mwenyewe, sisaidiwi na mtu.

Percy Stallard, mtu wa mji wa Wolverhampton, alikwenda Ulaya katika mwaka 1933 kushindana na mataifa mengine, akaona kule wote wanaondoka pamoja. Vita vilipokuja, mafuta ya motakaa yakawa haba na barabara zikawa nyeupe. Akawaendea polisi, nao wakaridhia. Tarehe 7 Juni 1942 wapandaji 40 waliondoka Llangollen kwenda Wolverhampton, maili 59. Polisi waliokuwa wakiogopwa tangu 1890 hawakumkamata mtu. Walioghadhibika ni Umoja, wakawafungia Stallard na wenziwe wasishindane tena. Mwaka ule ule waliofungiwa wakaunda chama chao, wakakiita Ligi.

Toka hapo mtu aliulizwa kwanza, wewe ni wa nani? Aliyeshindana siku moja tu na watu wa Ligi alifungiwa na Umoja. Vijana wa Ligi walipenda nguo za rangi kama za Wafaransa na Wataliani, na wenzao wakawaona wenye majivuno.

Nadhani ugomvi wenyewe ulitokana na mchezo ulivyo. Aendaye nyuma ya mwenziwe hukingwa na upepo, akapunguza taabu nyingi. Kwa hiyo wanne wakilitoroka kundi, sharti wapokezane mbele, ingawa kila mmoja anataka kuwashinda watatu. Hapana kitabu kinachowalazimisha. Lakini mtegaji ajifichaye nyuma, kisha akachomoka mwishoni na kushinda, atanunwa na wote, na safari ijayo hatasaidiwa. Tena, kama ndugu yake wa chama yumo katika kundi lililoachwa, kutega kwake huitwa uaminifu! Kitendo ni kile kile. Jina lake hutegemea nguo aliyoivaa. Kwa mtu wa Umoja, aliyefundishwa kwamba ushindi ni wa mtu mmoja na saa yake, mambo haya yalikuwa udanganyifu. Kwa mtu wa Ligi, ndiyo mashindano yenyewe.

Mwaka 1959 vyama viwili viliungana, na mwaka 1960 Serikali ikatoa kanuni za mashindano ya kuondoka pamoja. Ligi ilikuwa imepata ilichokitaka. Hata hivyo Stallard hakufurahi; aliona ameuzwa na watu wake mwenyewe, wala kinyongo hicho hakikumtoka hata alipofariki mwaka 2001.

Na wale wa kushindana na saa wapo hata leo. Nguo nyeusi wameziacha zamani, lakini njia zao bado huandikwa kwa herufi na tarakimu, ingawa hapana tena wa kufichwa.