Somo la Leo: Picha Yenye Nambari

Leo tunasoma habari za kukusanya picha za kuchapwa.

Nyumba ya Sanaa ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1972. George Lilanga (1934–2005) alikuwa mmoja wa waliochapa picha huko. Fundi huchora juu ya bamba la madini. Tindikali hula mistari. Wino hujazwa mistarini, kisha karatasi hukandamizwa juu yake. Idadi ikitimia, kwa desturi bamba huharibiwa lisichape tena. Uchache huo ndio thamani.

Basi, mtu akikuuzia picha ya namna hii, usitazame sura tu. Soma chini yake. Je, pameandikwa 7/50 kwa penseli? Maana yake ni nakala ya 7 katika nakala 50. Je, pana sahihi ya msanii? Kama sahihi nayo imechapwa kwa mashine, usitoe fedha bado.

Nyumbani, usiibandike kwa gundi. Iepushe na jua na unyevu wa pwani.

Asiyesoma hununua kwa kuambiwa. Wewe soma mwenyewe.

Zoezi: picha ina 12/30. Nakala zote ni ngapi? Kwaherini.