Mafuta ya Mbegu na Chakula cha Turkana
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama)



Tumeombwa tuseme machache juu ya habari hii ya kupanda miti ya mafuta katika nchi kavu, kwa kuwa sisi watu wa reli twaishi kwa dizeli. Injini za zamani zilikula kuni, za leo zala mafuta, na za kesho labda zitakula mbegu. Hatukatai. Lakini tulikwenda Lodwar kumzika baba wa mwenzetu, tukafika mpaka Kakuma, na tuliyoyaona yafaa myasikie kabla hamjainua mikono.

Reli haifiki kule. Kutoka Kitale ni lori, vumbi na jua. Walio mbali husema nchi ile ni tupu, basi na ipandwe mbono. Si tupu, ni malisho ya mbuzi na ngamia. Na mbono bila maji hauzai kitu cha maana. Mwaka 2009 wataalamu walikagua mashamba ya wakulima wadogo hapa Kenya, wakakuta mavuno haba, wakashauri upandwe kuwa ua tu. Tena mbegu zake ni sumu. Mwaka wa njaa mwenye mtama atakula mtama wake; mwenye mbono atazitazama mbegu zake. Ardhi ya maji ni ukanda mwembamba kando ya mto Turkwel, kama kule Katilu penye mifereji, na anayetaka mafuta mengi ataitaka hiyo hiyo.

Kakuma pana kambi ya wakimbizi tangu mwaka 1992. Pale moto na chakula hubadilishana kila siku: mama wa Kiturkana huleta kuni na makaa, mkimbizi humpa unga wa posho yake. Mwaka 2025 posho ilipokatwa ikawa chini ya nusu, njaa iliingia nyumba zote mbili. Mama mmoja alituambia kuni anazo, wa kumpa unga ndiye hana.

Basi mwenye fedha za kutafuta moto na aanze na mathenge, mti ulioletwa kuzuia jangwa ukaziba njia na kingo za mito. (Mbuzi nao wana deni lao, maganda yake yamewaharibu meno.) Ukikatwa na visiki vyake vikang'olewa, makaa yapatikana na ardhi yarudi.

Katika azimio lililo mezani kwa Karani, twaomba maneno "nchi kavu iliyo tupu" yafutwe. Badala yake iandikwe kwamba shamba la mafuta lisiguse ardhi ya maji ya Turkwel, wala malisho, mpaka wenyewe waulizwe barazani kwao.