Nafaka Iliyopewa Jina la Wageni

Fungueni madaftari yenu.

Juma lililopita niliwaambia kuwa mahindi yalitoka Bara Hindi, kwa kuwa jina lenyewe lasema hivyo. Nilikosa. Mahindi yalianza kulimwa huko Meksiko, nayo yalivuka bahari baada ya mwaka 1492. Nani aliyenidanganya? Ni jina. Basi leo nataka kuwapa mfano wa mbali, mpate kuona kwamba si mimi peke yangu.

Huko Urusi watu hupenda sana chakula kiitwacho kasha. Mara nyingi hupikwa kwa punje ndogo za kahawia zenye pembe tatu. Mmea wake hukomaa upesi, kwa muda wa miezi mitatu hivi, hata katika ardhi duni, na maua yake hupendwa na nyuki. Kwa kweli si wa jamii moja na ngano wala mtama, ila watu huuhesabu kuwa nafaka kwa vile utumikavyo jikoni. Warusi huuita grechikha, Waukraine hrechka, na Wapoland gryka. Andikeni polepole: gre-chi-kha. Maneno hayo yatokana na jina la Wagiriki. Ni kama kusema "ya Kigiriki".

Haya, tuvuke mpaka twende kwa Wacheki. Hao ni ndugu wa Warusi kwa lugha, lakini wao husema pohanka, kutokana na neno pohan, yaani mpagani. Waslovenia husema ajda, neno walilolipata kwa Wajerumani, nalo lina maana hiyo hiyo. Tena Wapoland wana jina la pili, tatarka, yaani ya Watatari.

Je, ni ya nani basi? Si ya Wagiriki wala Watatari. Katika miaka ya 1990 mtaalamu wa Japani, Ohmi Ohnishi, alieleza habari za mmea wa mwituni ulio mzazi wake, alioupata Yunnan, kusini-magharibi ya China. Watu wa Ulaya waliipa nafaka hiyo jina la mgeni waliyedhani ndiye mwenyewe. Hilo jina la pohanka silipendi hata kidogo: mtu akupe chakula, nawe umwite mpagani!

Kazi yenu: andikeni majina matatu ya vyakula vyenu vya nyumbani, kisha mwulizeni mzee mmoja kila jina lilitoka wapi. Na ile sentensi yangu ya juma lililopita, ifuteni. Kwaherini.