Kusutwa kwa Unene, Kusutwa kwa Kupungua

Mtu anayejitahidi kupunguza uzito wilayani Wanging'ombe hukumbana na kikwazo kisichoonekana kwenye mizani ya zahanati, nacho ni maneno anayojisemea moyoni jioni ile aliyokusudia kula ugali kidogo kisha akaongeza, akahitimisha kwamba yeye ni bonge tu na hana msimamo. Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani aliyeanza kuyachunguza maneno ya namna hii katika miaka ya 1960, aliyahesabu kuwa fikra za papo kwa papo, yaani mawazo yanayomjia mtu bila kuyaita, naye huyaamini kwa kuwa hajapata kuyahoji.

Fikra hizo hazizuki kichwani tu. Katika mkoa wa Njombe, ambako utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016/2017 ulikuta asilimia 11.4 ya watu wazima wanaishi na VVU, kiwango kilichopita cha mikoa yote mingine ya Tanzania Bara, kukonda kumebeba kwa miaka mingi maana ya maradhi na msiba, kwa sababu kabla dawa za kufubaza virusi hazijaenea, watu waliwauguza ndugu zao wakiisha mwili hadi wakawazika. Ndiyo maana mama muuza viazi, aliyepungua kilo chache ili kushusha shinikizo la damu, huweza kupokewa sokoni Makambako kwa maneno "Kamwene dada, mbona umekonda hivyo, unaumwa?", na usiku swali hilo likawa lake mwenyewe: huenda anajidhuru, huenda ananong'onwa, bora arudie sahani ya zamani. Kusutwa huku mara mbili, kwa unene na kwa kupungua, ni mzigo mzito ambao ushauri wa lishe haupaswi kuupita kimya.

Mwili nao una mchango wake. Mafuta ya mwilini hutoa leptini, ambayo ni homoni inayouarifu ubongo kwamba akiba ya nishati ipo. Mafuta yakipungua, leptini hushuka na njaa huzidi, hivyo anayeumwa njaa baada ya kupungua hastahili kujiita mlafi.

Kuzihoji fikra hizi si kujisifu kwa uongo. Anayejiambia kwamba ameharibu kila kitu, akichunguza, atakuta kwamba ulanzi ulizidi jioni moja tu, na kwamba mtu wa kilo 80 aliyepunguza kilo 4, yaani asilimia 5, tayari ameusaidia moyo wake hata kama gauni bado linabana. Kuhusu swali la sokoni, ni busara kupima VVU na sukari kabla ya kuanza, kwanza kwa sababu kupungua kusikokusudiwa huhitaji uchunguzi wa daktari, na pili kwa sababu anayeijua hali yake, iwe ipi, huwa na jibu la kujipa mwenyewe kabla hajawajibu wengine.